Panya jikoni: karafuu, pilipili, mnanaa au nafthalini?

Jiko_la_Uani
Wakuu, salaam. Nyumba ni ya zamani, Ngamiani, Tanga, jiko liko uani: mlango wa mbao, juu mabati, bomba la sinki limetobolewa ukutani. Unga, mchele na dagaa vimo kwenye viroba. Sumu haitakiwi, kuna watoto na paka. Kati ya karafuu, pilipili na kitunguu saumu, mafuta ya mnanaa na nafthalini (vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kabatini), ipi inafukuza kweli?

Karafuu_za_Muheza
Kwangu karafuu, hasa kwa kuwa huku kwetu hazihitaji kutafutwa mbali. Chukua kiganja kimoja cha karafuu kavu, zitwange mara mbili tatu zipasuke tu. Ukizisaga zikawa unga, harufu inaruka upesi. Funga kwenye kitambaa chepesi, weka nyuma ya kabati na kando ya bomba. Kila baada ya siku tatu kibinye kifurushi. Ukinusa hupati kitu, badilisha. Ila usiviweke karibu na mchele, maana unavuta harufu na mtakula wali mweupe unaonukia pilau.

Mwashi_Mstaafu
Karafuu inamsumbua panya anayepita, si mwenye kiota ndani. Huyo akiona dagaa wako pale pale, anaizoea harufu kama sisi tunavyozoea moshi wa mkaa.

Pilipili ni jambo jingine. Ukali wake hauko kwenye harufu, uko kwenye mguso: mpaka alambe au atafune. Kwa hiyo usinyunyize hewani, puliza pale panya anapotafuna, yaani ukingo wa chini wa mlango na pembe za kabati. Pilipili kichaa kavu zilizotwangwa vijiko 2 vya chakula, kitunguu saumu kichwa kimoja kilichopondwa, maji nusu lita. Chemsha NJE dakika 10. Ukichemshia ndani, nyumba nzima itakohoa. Acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa mara mbili la sivyo mbegu zitaziba chupa ya kunyunyizia, kisha tia kijiko cha chai cha sabuni ya maji ili ishike kwenye mbao. Rudia kila siku 2 au 3, na kila ukipiga deki. Usitengeneze nyingi, kwa joto la Tanga inachacha. Na kwenye swichi na nyaya za umeme usipulize kabisa.

Dawa_Asili
Mnanaa ndio wenye harufu kali kuliko zote siku ya kwanza, na ndio unaoisha upesi. Matone 15 hadi 20 kwenye pamba, kila pembe, ubadilishe kila siku 3. Jiko lenye madirisha ya nondo na upepo wa bahari, hata siku mbili haufiki. Halafu umesema una paka: mafuta hayo yaliyokolea yana madhara kwake akiyalamba. Mimi kwako ningeyaacha.

Nafthalini ondoa kwenye orodha kabisa. Ni sumu, mvuke wake si wa mahali pa chakula, na mtoto huidhania peremende. Mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao pwani si wa nadra, inaweza kumvunjia chembe nyekundu za damu.

Mwashi_Mstaafu
Sasa tundu la bomba. Panya mdogo anapita penye uwazi wa milimita 6, unene wa penseli. Kabla ya kuziba, sokota gazeti ulitie tundu zote jioni. Asubuhi lililosukumwa ndilo njia yake. Tega kwanza, ziba baadaye, maana ukimfungia ndani ataozea ukutani. Mtego wa kubana uweke ukikingamana na ukuta, upande wa chambo uguse ukuta. Chambo ni kipande cha mbata kilichochomwa, ukifunge kwa uzi asikinyakue akaondoka. Usiku mbili zikipita mtego haujaguswa na gazeti halijasogea, piga wavu wa chuma wenye matundu ya robo inchi, juu yake sementi 1 kwa mchanga 3. Wavu wa kuku haufai, anapenya.

Jiko_la_Uani
Stiliwaya ya kusugulia sufuria je, badala ya wavu?

Mwashi_Mstaafu
Kwa wiki chache sawa. Hewa ya chumvi inaila, inabaki vumbi la kutu. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati, raba ataitafuna.

Karafuu_za_Muheza
Hapo nakubali, ukishaziba ndipo karafuu inapokuwa na maana. Na viroba viondoke leo: unga na dagaa kwenye debe la bati lenye mfuniko.

Dawa_Asili
Tazama kinyesi pia. Cha ukubwa wa punje ya mchele ni panya mdogo. Cha sentimita moja na nusu ni panya mkubwa, mtego mdogo hautamtosha. Ukiona mnyama mwenye pua ndefu anayenuka vibaya, huyo ni kirukanjia. Anafuata mende, mbata yako haimhusu.

Kinyesi usikifagie kikavu. Fungua madirisha, vaa glovu, lowesha kwa klorini ya kufulia kipimo 1 kwa maji 9, subiri dakika 5, futa kwa karatasi utupe. Mkojo wa panya unaweza kuleta homa ya mgunda (leptospirosis, ugonjwa wa bakteria), basi na vyombo vilivyolala wazi vioshwe kabla ya kupakulia.

Jiko_la_Uani
Ahsanteni. Gazeti linaingia tunduni leo jioni.