Ushauri: pasi zangu kwenye Madden zanaswa zote, na mechi ni Jumamosi

KijanaWaKisauni: Salamu wakuu. Jumamosi nacheza Madden, ile gemu ya PlayStation ya mpira wa Kimarekani (American football), na binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Ohio. Kukimbia na mpira naweza, ila nikirusha tu, wananasa. Jana kwenye kibanda cha gemu nilirusha pasi 6, walinzi wake wakadaka 4. Nifanyeje?

BabaPedi: Kitufe cha mpokeaji wakigusa au wakishikilia? Ukigusa, mpira wapanda juu, mlinzi apata muda wa kufika. Ukishikilia, waenda kwa kasi umenyooka. Pasi fupi ya katikati shikilia, ya kupita juu ya kichwa cha mlinzi gusa. Halafu kabla hujaanza, hesabu walinzi wa nyuma kabisa. Akiwa mmoja katikati, mara nyingi ni mpango wa ulinzi uitwao Cover 1 au 3. Wawili, Cover 2 au 4. Hamisha mpokeaji mmoja upande wa pili. Mlinzi akimfuata, wakaba mtu kwa mtu.

MzeeWaKahawa: Mpira wa kushika kwa mikono nao waitwa wa miguu? Mimi nilikuwa winga, Tononoka wananijua. Siku moja krosi yangu ilipigwa na upepo ikaingia wavuni, hadi leo nasema nilikusudia.

KijanaWaKisauni: Shikamoo mzee. Lakini nina siku 3 tu.

TuktukBonde: Siku 3 za nini? Binamu akikufunga si mwacheka, mwala viazi karai, basi?

KijanaWaKisauni: Ni heshima tu.

TuktukBonde: Heshima haimkoseshi mtu usingizi. Sema.

KijanaWaKisauni: Haya. Tumewekeana dau. Yeye simu yake, mimi pikipiki. Kabla hamjanirukia: ni ya mjomba, kweli, lakini kila jioni nampelekea 400 bila kukosa, kwa hiyo nusu ni yangu. Na ufunguo nishampa mwenye kibanda atushikie. Sasa nikaurudishe kama mtoto? Isitoshe nachukua Chiefs, timu ya Kansas City. Na Mahomes, mrusha pasi wao, nitashindwaje?

MamaMahamri: Mwanangu, kamari, tena kwa mali ya mjomba wako! Ufuate huo ufunguo usiku huu huu.

KijanaWaKisauni: Mama, si kamari. Ni mchezo wa ujuzi.

BabaPedi: Wa ujuzi ambao huna. Mahomes hatakuokoa ukimrudisha nyuma yadi 15, huko wanaokukinga pembeni wanapitwa kirahisi. Rudi kidogo, ukibanwa sogea mbele. Ukikosa mtu, R3 (bonyeza kijiti cha kulia), tupa nje. Una majaribio 4 ya yadi 10, mbio za nini?

SautiYaLikoni: Wakuu mwamshauri nani? Huyu mwezi uliopita aliomba mchango humu humu, pikipiki imeibwa Kongowea. Nilituma 200. Leo ipo ya kuwekea dau?

TuktukBonde: Lo! Na mimi 100!

KijanaWaKisauni: Ilipatikana.

SautiYaLikoni: Lini? Wapi? Mbona hukurudi kusema? Hata huyo binamu simwamini.

KijanaWaKisauni: Changamwe. Hadithi ndefu. Pesa zenu nazikumbuka, wallahi. Nikishinda nauza simu, Jumapili kila mtu apata chake.

MzeeWaKahawa: Kwa hiyo sasa tumuombee dua ashinde. Huyu kijana si mjinga.

TuktukBonde: BabaPedi, mfundishe vizuri, mia yangu imo humo.

SautiYaLikoni: Mwachezewa hivi hivi mkiona.

BabaPedi: Uongo au kweli, pasi ni pasi. L1 pamoja na kitufe cha mpokeaji yaenda juu, mpe mtu mrefu. L2 yaenda chini, mlinzi aliye nyuma yake haifikii. Usiku huu ingia sehemu ya mazoezi, rudia mchoro mmoja wa pasi mara 50.

KijanaWaKisauni: Nyumbani sina PlayStation.

BabaPedi: Kibanda chafungwa saa ngapi?

KijanaWaKisauni: Saa 4.

BabaPedi: Sasa ni saa 2 na nusu. Wafanya nini humu?