Naombeni ushauri: ndugu zangu wanasema mke wangu anajifanya mgonjwa

Habari zenu ndugu zangu. Mke wangu ana fibromialjia. Mabega, mgongo, nyonga, vyote vinamuuma, na hata akilala usiku kucha anaamka hoi. Vipimo vya damu na eksirei vinatoka safi. Daktari alitueleza kuwa ndivyo ugonjwa huu ulivyo: ubongo na mishipa ya fahamu hukuza maumivu, kwa hiyo hakuna uvimbe wala jeraha la kuonekana kwenye picha.

Mama yangu na dada zangu hawataki kusikia. Wanasema ni uvivu, mara ana majini. Juzi msibani alishindwa kukaa mkekani kumenya vitunguu na wenzake, akaomba kiti. Maneno aliyosemwa siku ile yalimliza hadi tunafika nyumbani. Na akijikaza akacheka na watu, utasikia, "Si mnaona, mzima huyu!" Sasa afanyeje?

Mliopitia haya, mlizungumzaje na wazazi bila kuwavunjia heshima? Nimefikiria kumwomba mama aende naye kliniki akaelezwe na daktari mwenyewe, ila naogopa ataona namfundisha adabu. Na kazini je, amweleze bosi wake au anyamaze?

Dawa anatumia, na kutembea taratibu jioni kunamsaidia kiasi, kwa hiyo tafadhali msituelekeze kwa waganga. Ameanza kukataa kwenda ukweni kabisa, na mimi simlaumu, lakini Idi inakaribia na mama anatutegemea.