Vitamini B za dozi kubwa: nguvu zimerudi, lakini vidole vinakufa ganzi

SWALI

Habari zenu wakuu. Naomba mwenye uzoefu au utaalamu anisaidie kabla sijaamua.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka jana baada ya kumzika mama niliingia kwenye kipindi kibaya. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala, kazi ya asubuhi moja inanichukua siku nzima, machozi yanashuka nikiwa napima mteja kiuno. Ndugu yangu mmoja akaniletea kopo la vitamini B mchanganyiko, zile za dozi kubwa. Nilianza na kidonge kimoja asubuhi. Wiki ya pili nikajiona mwepesi, nikaongeza cha pili mchana. Sasa huu ni mwezi wa saba, na sijaruka hata siku moja.

Juzi natunga uzi, nikagundua siisikii ncha ya sindano. Naiona imegusa kidole, lakini kidole hakiniambii kitu. Pini zinanidondoka. Usiku nyayo zinawaka kama nimekanyaga upupu, na nilikuwa nasingizia pedali ya cherehani.

Hapo ndipo nikasoma maandishi ya kopo kwa mara ya kwanza. B1 miligramu 100, asilimia 8,333 ya mahitaji ya siku. B6 miligramu 100, asilimia 5,882. B12 mikrogramu 100, asilimia 4,167. Na mimi nameza viwili! Kila ninayemuuliza ananijibu kwamba vitamini B zinayeyuka kwenye maji, zikizidi unazikojoa. Mkojo wangu kweli ni njano ya kung'aa, kwa hiyo nilitulia.

Je, ganzi inaweza kuletwa na vidonge hivi? Na nikiacha, ile huzuni itarudi? Nawaambia ukweli, la pili linanitisha zaidi ya la kwanza.

JIBU LA KWANZA

Dada, pole sana kwa msiba. Nakuandikia kwa sababu nimepita njia hiyohiyo.

Mimi sikunywa kopo moja, nilikunywa matatu. Mchanganyiko wa B asubuhi, magnesi ya kunisaidia kulala, na unga wa kuchanganya na maji wa kuongeza nguvu. Vyote vitatu vilikuwa na B6 ndani, ile inayoleta ganzi ikizidi, na hilo sikulijua mpaka daktari wa mishipa ya fahamu aliponiambia nirudi na makopo yote. Akajumlisha mbele yangu: miligramu 160 kwa siku, kwa miezi tisa.

Kilichonipeleka kwake ni ngazi. Umeme ulikatika, nikashuka gizani, na miguu haikujua iko wapi. Ukiwa na mwanga macho yanaisaidia miguu, hujui kama kuna kilichopungua. Jaribu kusimama umefumba macho, mtu awe karibu akushike. Ukiyumba, mwambie daktari.

Jambo moja lililonitia hofu bure: wiki za kwanza baada ya kuacha, hali yangu ilizidi kuwa mbaya. Nikadhani naihitaji ile vitamini, nikataka kurudi. Usirudi. Mimi ilinichukua karibu mwaka kuhisi vizuri, na kidole gumba cha mguu wa kushoto bado kina ganzi.

JIBU LA PILI

Mimi ni mfamasia. Siwezi kukupima nikiwa huku, ila nina ya kukueleza.

Ile njano ni B2, riboflavini. Inaonyesha kwamba B2 imetoka, haisemi lolote kuhusu B6. Kweli B6 huyeyuka kwenye maji, lakini sehemu yake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, na ukimeza nyingi kila siku inarundikana. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku, wakapoteza hisia za mikono na miguu mpaka kutembea kukawa shida. Tangu hapo imeonekana kwamba dozi ndogo zaidi ya hizo, zikinywewa kwa miezi mingi, zinaweza kuwadhuru baadhi ya watu. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1.3 tu kwa siku. Marekani wameweka kikomo cha miligramu 100. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha chake hadi 12 mwaka 2023. Wewe uko kwenye 200.

Kuhusu kujiona mwepesi, sikukatalii. Mwili hutumia B6 kutengeneza serotonini na kemikali nyingine zinazotuliza ubongo. Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kilitoa utafiti mwaka 2022: vijana waliopewa miligramu 100 za B6 kwa takriban mwezi mmoja walisema wasiwasi wao umepungua, na waliopewa B12 hawakupata tofauti kubwa. Lakini huo ni mwezi mmoja, si saba. Nguvu zenyewe hazimo kwenye vidonge, zimo kwenye chakula, na vitamini B husaidia tu kazi ya kuzitoa. Wewe ni fundi, utanielewa: cherehani kavu ukiitia mafuta inakimbia, ila ikishakuwa na mafuta ukaendelea kumimina, unachafua kitambaa.

Acha vidonge hivyo, kwa sharti moja: viwe havikuandikwa na daktari. Anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu, kwa mfano, hupewa B6 kwa makusudi ili kuilinda mishipa hiyohiyo ya fahamu, na huyo asiache kwa kusoma maneno yangu.

Halafu nenda upimwe. Ganzi ina milango mingi: kisukari, upungufu wa B12, tezi ya shingoni. Mafundi wengi pia mshipa wa fahamu hubanwa kwenye kifundo cha mkono, karibu na kiganja, ingawa hilo halielezi nyayo. Na watajie vidonge kabla hawajakutoa damu. Mara nyingi mchanganyiko kama huo una biotini, vitamini B nyingine, nayo ikiwa nyingi inaweza kupotosha baadhi ya vipimo, vya tezi vikiwemo. Asidi ya foliki nayo ikizidi inaweza kuficha upungufu wa damu unaoletwa na kukosa B12, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya.

JIBU LA TATU

Naomba watu wasitoke hapa wakizichukia vitamini B zote. Mimi B12 ilinirudisha kazini. Natumia metformini ya kisukari mwaka wa nane, na dawa hiyo inaweza kupunguza B12. Nilikuwa nasahau majina ya wanafunzi wangu, ulimi unauma, miguu ina ganzi. Nilipimwa, ikaonekana iko chini sana, nikaanza sindano. Sasa natumia kidonge cha mikrogramu 1,000, na kuna sababu ya ukubwa huo: kwa mara moja utumbo hupokea kama mikrogramu 2 kwa njia yake ya kawaida, na katika zinazobaki hupenya karibu moja katika mia. Tofauti yetu dada ni kwamba mimi nilipimwa kwanza.

MUULIZAJI

Nimerudi baada ya wiki mbili. Asanteni, nimewasoma nyote mara nyingi.

Nilikwenda na kopo mkononi. Sukari iko sawa, tezi iko sawa, B12 ipo ya kutosha. B6 imekutwa juu mno. Kilichopungua ni madini ya chuma, na damu yenyewe iko chini. Uchovu wote ule, na kitu chenyewe hakikuwemo kwenye kopo langu! Nimeanza vidonge vya chuma, na nitapimwa tena.

Daktari aliuliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza mwaka mzima: tangu mama afariki, ninalala? Nililia pale kwenye kiti mpaka akaenda kuniletea maji. Ameniambia inaonekana ni sonona, amenipeleka kwa mshauri, na nimeshaonana naye mara moja. Huzuni haijaondoka. Ila sasa nina mtu wa kumweleza kila Alhamisi.

Ganzi bado ipo, na wiki hii nyayo zimewaka zaidi, kama alivyosema wa jibu la kwanza. Bila maneno yako ningerudia kopo Jumanne usiku, nililitoa kabisa kabatini. Sasa natunga uzi kwa kile kiwaya, na vifungo nashona mchana tu, karibu na dirisha.

Nikuulize wewe mwenye kidole cha mguu wa kushoto: ulianza kuhisi nini kwanza, baridi ya sakafu au maumivu? Nataka nikijue kitakapokuja.

JIBU LA KWANZA

Baridi, dada. Asubuhi moja nilishuka kitandani, nikasimama pale kwa muda mrefu.