Nina laki nne na nusu ya mama: kwa anayesoma midia ya kidijitali, nianze na mashine (kompyuta mpakato) au kamera?

Kijana wa Nyegezi:

Mwangaluka wana Mwanza. Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari zenu.

Nipo mwaka wa kwanza wa diploma, masomo ya TEHAMA na midia. Mwalimu wetu ametutaka kila mmoja awe na daftari la tafakuri: umejifunza nini wiki hii, na kimebadilisha nini kwako. Wenzangu wengi wanaliona mzigo. Mimi nimelipenda, maana limenifanya niulize mambo ambayo miaka yote nilikuwa nayapita tu.

Mfano ni hesabu tuliyofanya darasani. Fremu moja (picha moja tuli) ya video ya 1080 ina pikseli, yaani nukta za rangi, 1,920 kwa 1,080, jumla zaidi ya milioni 2. Kila pikseli ikichukua baiti 3, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, fremu hiyo peke yake ni megabaiti 6 na ushee. Zidisha kwa fremu 25 za kila sekunde, kisha kwa sekunde 60: dakika moja inataka zaidi ya gigabaiti 9. Nikafungua simu yangu. Dakika moja niliyorekodi ina megabaiti 130 hivi. Sasa zile nyingine zimeenda wapi?

Jumamosi nikashuka mpaka Jiwe la Bismarck. Nikalirekodi lile jiwe, halafu nikaelekeza simu kwenye maji matupu, upepo unavuma na vimawimbi vinakimbizana. Nilipozitazama kwenye skrini kubwa ya maabara, jiwe lilikuwa safi mpaka nyufa zinahesabika, lakini maji yalikatika vimraba vimraba vinavyorukaruka. Simu ileile, mpangilio uleule, jua lilelile. Naomba mwenye ujuzi anieleweshe hapo, nataka niiandike kwenye daftari nikiwa nimeielewa.

Sasa ushauri wenyewe. Mama anauza dagaa Mwaloni Kirumba. Kikoba chao kimevunjwa, na kwenye mgao wake amenitengea laki nne na nusu, akaniambia ninunue kifaa cha masomo. Rafiki mmoja anasema nitafute kamera iliyotumika nianze harusi. Mwingine anasema nilipie kozi fupi ya kuhariri video, misingi nitaisoma mbele ya safari. Moyo wangu uko kwenye kompyuta mpakato, kwa sababu sasa hivi nasubiri zamu ya maabara na muda hautoshi. Hela hii mama ameitoa kwenye jua na chumvi, siwezi kuichezea. Naombeni mawazo yenu.

Mpiga Picha Igoma:

Mdogo wangu, mimi nakula kwa kamera, kwa hiyo nikuambie ukweli wa kazi. Kwa hela hiyo utapata bodi ya zamani yenye lenzi moja. Lakini hujapata betri ya pili, memori kadi, taa wala maiki, na mwenye harusi hatakusubiri ukatafute. Zaidi ya hapo, picha za harusi lazima uzihariri, na utazihariri kwa nini? Ungekuwa tayari una mashine ningesema kamera bila kusita. Kwa sasa simu yako inatosha kujifunzia mwanga na mpangilio wa picha.

Ila nenda kwenye kazi. Usikae na nadharia mpaka umalize diploma. Tafuta mpiga picha mtaani kwako, umbebee taa wikiendi, hutajuta.

Mwalimu wa TEHAMA, Sengerema:

Kijana, swali lako la maji na jiwe limenifurahisha sana, nitalipeleka darasani kwangu.

Simu haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi moja nzima, kisha kwa zinazofuata huandika kilichobadilika tu. Jiwe halibadiliki, kwa hiyo karibu kila kitu kinasomwa kutoka fremu iliyotangulia, na nafasi yote iliyobaki inatumika kuchora nyufa vizuri. Maji yenye mawimbi hubadilika kila mahali, kila fremu. Simu imepewa kiasi kilekile cha biti (chembe ndogo kabisa za data) kwa sekunde, na kazi imekuwa kubwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo inapunguza undani. Picha hugawanywa katika vipande vya mraba ndipo ibanwe, yaani ipunguzwe ukubwa wa faili, na biti zisipotosha mipaka ya vipande hivyo hujitokeza. Hivyo ndivyo vimraba ulivyoviona.

Ukitaka kujihakikishia, rudi palepale uweke simu juu ya kigoda cha kamera (tripodi), urekodi jiwe. Kisha rekodi jiwe hilohilo simu ikiwa mkononi, mkono ukitikisika. Linganisha. Kama simu yako inakuruhusu kupandisha kiwango cha biti, ongeza urudie yale maji. Andika matokeo yote kwenye daftari.

Na wasikuambie kwamba misingi utaisoma mbele ya safari. Nimefundisha vijana waliojua kila kitufe cha programu moja. Programu ilipobadilisha sura walirudi sifuri, wakalazimika kulipia kozi nyingine. Anayejua biti ni nini, faili ni nini, kubana ni nini, anafungua programu yoyote na kujua anachokitafuta.

Fundi Mabatini:

Nunua mashine. Lakini usikimbilie rangi wala ukubwa wa kioo.

Soma namba ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kama ni ya Intel utakuta kitu kama i5-8250U. Ile 8 inayofuata kistari ndiyo kizazi. Ukikuta i5-6300U, hiyo ni kizazi cha sita. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana mashine za kizazi cha sita na cha saba zimejaa madukani kwa bei ya kuvutia. Si mbovu, ila muuzaji hatakwambia hilo.

Ukikosa ya kizazi cha nane kwa hela yako, chukua ya nyuma yake uweke Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kuna Kdenlive ya kuhariri video, GIMP ya picha, Audacity ya sauti, zote bure na zote halali. Uliza kwanza chuoni kama kuna programu wanayokulazimisha kuitumia.

Diski ya kuhifadhia faili iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, hata ndogo. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) gigabaiti 8, au 4 kama kuna nafasi ya kuongeza. Kabla hujatoa hela chomoa chaja, cheza video nusu saa hapohapo dukani, uone betri inavyoshuka. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Muuzaji akikuharakisha, ondoka. Na risiti uandikiwe muda wa dhamana, maneno ya mdomo hayasaidii.

Dada wa Nansio:

Mdogo wangu, hongera, na mama yako Mungu amzidishie. Mimi nami natoa dagaa Ukerewe, najua laki nne na nusu ni magunia mangapi ya usumbufu.

Nina neno moja kuhusu picha, maana nahisi lazima utaenda kurekodi mwaloni. Waombe wale kina mama ruhusa kabla hujainua simu, na uwaambie picha inaenda wapi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu yuko kazini na kanga yake imelowa, anastahili kuulizwa. Jambo jingine, picha ya simu hubeba ndani yake tarehe, aina ya simu na, kama hujazima, mahali ulipopigia. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na hizo taarifa zinaondolewa. Ukiituma kama waraka ubora unabaki wote, na taarifa za mahali zinabaki pia. Mteja wangu mmoja alinitumia picha za mzigo kwa njia hiyo, nikaona mpaka ulipo uwanja wa nyumba yake. Nikampigia nikamwambia azime.

Kijana wa Nyegezi:

Asanteni sana wakuu, nimesoma kila neno. Mwalimu, nitarudi pale jiweni na kigoda. Fundi, nimeuliza: chuoni hawalazimishi programu, wanataka faili za aina za kawaida tu. Kwa hiyo ni mashine, na kaka wa Igoma, wikiendi hii naanza kutafuta wa kumbebea taa.

Nina swali moja la mwisho. Usiku kwenye kibanda cha mama kuna taa ndefu ya mrija. Nikirekodi, mistari ya giza inapanda kwenye video. Taa kwa macho haina tatizo lolote. Na pia mama ameuliza kama hiyo mashine itaweza kumwekea hesabu zake.

Mpiga Picha Igoma:

Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa ya namna hiyo inapepesa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu nyingi zinarekodi fremu 30 kwa sekunde, haziendi sawa na mapigo hayo. Tafuta mpangilio wa mkono, weka fremu 25 na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/50. Mistari itaondoka.

Dada wa Nansio:

Itaweza, na anza nayo siku hiyohiyo. Mfungulie jedwali kwenye LibreOffice, ni ya bure. Safu ziwe tarehe, idadi ya magunia, bei ya kununulia, nauli na upakizi, bei ya kuuzia, na ya mwisho jina la anayedaiwa na kiasi. Hiyo ya mwisho usiiache, kwenye biashara yetu hela nyingi imelala hapo. Faida iache kompyuta iitoe yenyewe kwa fomula. Mwoneshe mama mstari mmoja, akutajie bei halisi za wiki iliyopita, atashika haraka kuliko unavyodhani. Na kila Jumapili nakili faili kwenye flashi, flashi ikae nyumbani kwa mama.