Tairi la nyuma lashuka upepo kila usiku: lizibwe tena au ninunue?

BintiBarani

Assalamu aleikum wakubwa na wadogo. Naomba mnisaidie kabla ya Jumatano.

Niko Malindi, naendesha Premio, matairi ni 195/65 R15. Kila baada ya wiki mbili nampeleka mama Mombasa kliniki ya macho, kama kilomita 120 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Safari iliyopita, tukirudi, tulipopita Matsangoni nikahisi mkia wa gari unayumba kila nikikata kona. Magharibi ilikuwa imeshaingia na mama hapendi tusimame gizani, basi nikaenda polepole hadi Gede ndipo nikashuka. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelala nusu.

Fundi wa kando ya barabara akachomoa skrubu, akasukuma kamba ya mpira yenye gundi kwenye tundu bila kulitoa tairi kwenye rimu. Dakika kumi, shilingi 200, tukafika nyumbani. Tangu siku hiyo nikitia upepo pauni 32 jioni, asubuhi geji yasoma 26.

Jana nikaenda duka moja la matairi hapa mjini. Kijana hakuinama hata kutazama. Akasema yote manne yameisha, nibadilishe. Jirani yangu naye aniambia nitie tyubu tu, nitamaliza nayo mwaka. Nikijibana naweza kununua mawili. Manne siwezi, na ni mwaka juzi tu nilipoyanunua haya, nikaambiwa ni mapya kabisa.

Nataka kujua mwenyewe: nitazame nini ili niamue? Sitaki kuonewa, na sitaki kumweka mama ndani ya gari ambalo sina hakika nalo.

TeksiMajengo

Dada, tyubu hapana. Tyubu inaficha ubovu, haiutibu. Inasuguana na tairi, joto linapanda, na siku ikipasuka upepo unatoka wote mara moja. Hao wa kusema "yote manne" bila kupima tunawajua. Msubiri mzee wa Mambrui, huwa anaingia humu baada ya Isha.

MzeeUpepo_Mambrui

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi kibanda changu kiko Mambrui, huu mwaka wa 28, na kazi yangu nyingi ni malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Umeuliza mambo mawili ukayafunga pamoja, meno ya uso wa tairi na tundu. Yafungue.

Meno usimwachie mtu akusomee. Chukua njiti ya kiberiti na rula ya mtoto wa shule. Isimamishe njiti ndani ya mfereji wa tairi hadi igote chini, weka ukucha pale inapolingana na uso wa tairi, itoe uipime. Fanya hivyo ndani, katikati na nje. Watu hupima nje tu kwa kuwa ndipo mkono unapofika, na ule upande unaotazama chini ya gari ndio unaoficha mambo. Kata usukani hadi mwisho, tairi la mbele litakugeukia lenyewe. La nyuma itabidi uinamie au upige jeki.

Tairi jipya la gari dogo huja na milimita 7 au 8. Ndani ya mifereji utaona vigongo vya mpira vinavyokatiza, kimo chake milimita 1.6, na ubavuni pameandikwa TWI au pana pembetatu ndogo kukuonyesha vilipo. Meno yakilingana na kigongo popote pale, tairi hilo limekwisha, hata kama upande wa pili bado unapendeza. Lakini kwa gari linalobeba mzazi kwenda Mombasa mimi singojei kigongo. Milimita zikifika 3 nawaambia watu waanze kuweka pesa. Mfereji ndio unaotoa maji chini ya tairi. Mvua ya Mei ikituama barabarani, tairi lenye mfereji mfupi halina pa kuyapeleka maji, linaelea juu yake, na hapo ukanyage breki ukate usukani gari halikusikii.

Tazama pia yalivyolika. Katikati peke yake, upepo ulizidi. Pande zote mbili, upepo ulipungua. Upande mmoja tu, alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, imekwenda kombo, na ukitia jipya bila kuirekebisha nalo litalika vile vile.

Sasa tundu. Likiwa kwenye uso wa tairi, mbali na bega, pale uso unapokutana na ubavu, na halizidi upana wa milimita 6, huzibika. Begani au ubavuni usimlipe mtu akuzibie, kwa sababu pale mpira hujikunja kila mzunguko na nyuzi zilizokatika ndani haziungiki. Ile kamba uliyotiwa ni ya kukufikisha nyumbani. Kuziba kwenyewe ni kulitoa tairi kwenye rimu, kukwangua ndani, kisha kupachika kiraka chenye mkia kama uyoga: mkia unajaza tundu, kofia inaganda ndani.

Na hata usipotaka kiraka, nataka litolewe. Kutoka Matsangoni hadi Gede umeliendesha likiwa limelala. Mwambie fundi asikuzibie kitu kabla hujapitisha kidole chako mwenyewe ndani ya ubavu. Kidole kikitoka na unga mweusi, ubavu umesagika kwa uzito wa gari, na hakuna kiraka cha hilo.

Usomapo ubavu, tafuta neno DOT, utazame tarakimu nne za mwisho. Niletee hizo pia.

BintiBarani

Ami, Mungu akulipe. Nimeinama leo baada ya Alfajiri, matairi bado baridi.

Nyuma kushoto: nje 4, katikati 4, ndani 4. Skrubu iliingia katikati kabisa.
Nyuma kulia: 4 kote.
Mbele kulia: 4, 4, ndani 3 na nusu.
Mbele kushoto: nje 4, katikati 3, ndani kigongo na jino viko sawasawa. Nimepitisha kidole sikuhisi ngazi yoyote. Miaka miwili nimekuwa nikilitazama tairi hilo kwa nje nikiliona zima.

Tarakimu ni 0919, yote manne.

MzeeUpepo_Mambrui

Hiyo ni wiki ya 9 ya mwaka 2019, ndipo yalipotengenezwa. Aliyekuuzia mwaka juzi alikuuzia tairi ambalo halijatembea lakini limekaa sana, na ilikuwa haki yako kuambiwa kabla ya kulipa. Lililowekwa kivulini si sawa na lililopigwa jua, kwa hiyo si la kutupwa kwa umri peke yake. Watengenezaji wengi wanasema likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama lina meno. Upinde mpira kwa dole gumba penye ubavu na chini ya mifereji. Ukiona nyufa ndogondogo kama udongo uliokauka, nijulishe.

Mbele kushoto halina mjadala, linatoka. Nyuma kushoto lina meno ya kutosha na tundu lipo mahali pazuri. Likiwa safi ndani lizibwe kwa uyoga liendelee. Likiwa na unga linatoka pia, na hapo mawili yako yatakuwa yamepata kazi.

NahodhaWaMokowe

Na spea, dada? Mimi hupita njia ya Mokowe, Witu, Garsen hadi Malindi. Gari naliacha Mokowe nikivuka kwenda Amu, wakati mwingine wiki tatu, linapigwa jua na upepo wa chumvi. Mwaka jana nilipata pancha baada ya Witu, nikatoa spea, nikaikuta laini kama mto. Nilikaa pale hadi saa tisa. Meno yake yalikuwa mapya kabisa, nilichokosa ni upepo. Tangu hapo napima matano, si manne.

BintiBarani

Nimerudi. Fundi amelitoa lile la nyuma mbele yangu. Nilipopitisha kidole ndani kilitoka cheusi, na chini ya tairi kulikuwa na unga kama kahawa iliyosagwa, hata kijiko kimoja kingejaa. Ubavuni pana mstari umezunguka tairi zima. Kwa nje halionyeshi kitu. Nimekaa chini pale kibandani nikafikiria safari ile iliyopita, mama amelala kiti cha nyuma.

Nimenunua mawili, tarakimu nimezisoma mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Spea ilikuwa na pauni 14, imejazwa. Fundi ataka mapya ayatie mbele kwa kuwa ndiko kwenye injini. Ni sawa?

MzeeUpepo_Mambrui

La. Mapya nyuma, na yale mawili ya kulia yaje mbele. Mbele ikiteleza majini utaihisi mikononi na utapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza gari linageuka kabla hujajua. Muombe kwa upole, huo ndio mtindo wa mafundi wengi hapa, hakukusudia ubaya. Na upepo upimwe asubuhi gari halijatembea. Ukifika Mombasa geji ikisoma 36 usitoe, ni joto hilo.

BintiBarani

Amekubali, mapya yako nyuma. Alaimenti kesho saa tatu. Jumatano tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Mama keshafunga mkoba, na amesema nikuletee halua ukiwa kibandani tukipanga siku ya kuja Mambrui.