Magoti yamesagika, presha ipo: abaki na diklofenaki au abadilishe?

Bahasha:
Wakuu, naomba ushauri. Mama wa miaka 68, magoti yote mawili yamesagika, eksirei imethibitisha. Ana presha: anatumia enalaprili na kidonge cha kukojoza, pamoja na aspirini ya 75 mg kila asubuhi. Kwa wiki tatu amemeza diklofenaki 50 mg kutwa mara tatu. Maumivu yametulia, ila miguu inavimba vifundoni na presha imepanda. Ahamie sindano ya diklofenaki ili tumbo lisidhurike? Au parasetamoli inatosha?

Kipimajoto:
Diklofenaki ya kumeza aiache leo, na wiki hii apimwe presha na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Huo uvimbe hautoki kwenye goti. Ni chumvi na maji ambayo figo zimeshindwa kutoa. Diklofenaki hubana mishipa inayoingiza damu kwenye vichujio vya figo, enalaprili hulegeza ile inayoitoa, na kidonge cha kukojoza hupunguza maji mwilini. Zikikutana tatu, nguvu ya kuchuja inaanguka. Akiharisha siku mbili juu ya hapo, figo zinaweza kugoma. Ibuprofeni ni ndugu yuleyule, msibadilishe jina mkadhani mmebadilisha dawa.

Sindano hailindi tumbo. Dawa ikishaingia kwenye damu hupunguza ute unaokinga tumbo, iwe ilipita mdomoni au kwenye msuli. Na yeye yuko kwenye aspirini, kwa hiyo hatari ya kutoka damu ni kubwa zaidi. Choo cheusi kinachonata kama lami ni dharura, hata tumbo lisipouma.

Chokaa:
Hapo sawa kabisa. Kreatinini ikitoka vizuri na daktari akiridhia, kwa goti mimi ningeanza na jeli ya diklofenaki ya 1%. Goti liko karibu na ngozi, na dawa inayofika kwenye damu ni kidogo sana kuliko ya kidonge.

Wengi hulalamika kwamba jeli haifai, kumbe wanapaka tone la ukubwa wa harage. Kipimo kamili ni gramu 4 kwa kila goti, hadi mara 4 kwa siku. Tyubu ya gramu 20 ni mipako mitano tu. Paka goti zima, mbele, pembeni na nyuma, kisha nawa mikono. Usioshe goti kwa saa moja, usilifunge kwa nailoni wala kulikanda kwa maji ya moto, maana joto huongeza dawa inayopenya. Ipe jeli wiki mbili kabla ya kuhukumu. Asichanganye na vidonge vya jamii hiyo.

Bahasha:
Na parasetamoli? Siku mbaya je, ibuprofeni moja tu?

Kipimajoto:
Ibuprofeni hapana, hata moja. Tena inaweza kuizuia aspirini isishike kwenye chembe sahani, yaani chembe zinazogandisha damu, kinga ya moyo ikapungua. Aspirini yenyewe msiiache bila kumuuliza aliyeiandika.

Parasetamoli kwa magoti yaliyosagika nafuu yake ni ndogo, tuseme ukweli, lakini kwa figo na tumbo lake ni salama zaidi. Vidonge viwili vya 500 mg, nusu saa au saa moja kabla ya shughuli inayomuumiza. Pengo lisipungue saa 4, jumla isizidi vidonge 8 kwa saa 24. Akiwa chini ya kilo 50, ana ugonjwa wa ini au anakunywa pombe, kiwango kishuke, mfamasia atawapangia. Someni na maboksi ya dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani.

Chokaa:
Nyongeza moja: unga wa "miti shamba" unaomaliza maumivu usiku mmoja uogopeni. Nyingine zimekutwa zimechanganywa na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo hupandisha presha na sukari. Kama ameshautumia kwa wiki kadhaa, asiuache ghafla. Amweleze daktari kwanza, aende na pakiti yake.