Wanaovuta shisha kwa mkaa wa miti, tupeane uzoefu

Mpemba wa Seeb
Asalaam aleikum wadau. Nipo Oman mwaka wa tisa sasa, na shisha yangu tangu mwanzo ni ya mkaa wa miti tu, ule wa samri, mti wa jangwani ulio ndugu na mgunga wetu. Vile vidonge vya duara vinavyoshika kwa kiberiti sivitaki. Vimetiwa shura, ile chumvi ya baruti, ndiyo maana vinarusha cheche na harufu yake inakaa kooni mpaka asubuhi. Mkaa wa samri ukishaiva haunuki kitu, ukivuta tofaa unaonja tofaa.

Kwa hiyo kila mtu nilikuwa nikimwambia: mkaa wa asili hauna kemikali, hauna neno. Nimeyasema hayo miaka, na niliyaamini.

Januari tulikaa majlisi kwa rafiki yangu, watu sita, shisha tatu. Jiko la mkaa huwa tunaliacha barazani. Usiku ule upepo ulikuwa mkali, jivu linaruka, tukaliingiza ndani na kufunga madirisha. Kufika saa tano kila mtu analalamika kichwa. Tukasema ni tumbaku kali, tukaagiza chai. Binamu yangu, kijana wa miaka 22 ambaye wala havuti, alikuwa amekaa karibu na jiko akicheza karata. Akainuka kwenda msalani. Nikasikia kishindo. Nilimkuta kaanguka kifudifudi, mkono mmoja bado umeshika kitasa. Uso wake ulikuwa na rangi yake ya kila siku, na hilo ndilo lililonichanganya.

Hospitali wakambana kidoleni kile kidude cha kupimia oksijeni. 98. Nikashusha pumzi. Daktari akauliza kitu kimoja tu: "Mlikuwa mmewasha mkaa?" Akaagiza damu, na kabla majibu hayajarudi akamvisha barakoa ya oksijeni.

Binamu mzima, alhamdulillahi. Naomba mnaotumia mkaa wa miti mseme yaliyowakuta, mazuri na mabaya.

Mtia Moto
Pole sana kaka. Mimi ni wa Kisauni, nimefanya kazi miaka minne kwenye mkahawa mmoja Deira, Dubai. Kazi yangu ilikuwa mkaa, basi: kuupasua, kuuwasha, kuzunguka nao kwa wateja.

Mkaa wa miti unataka kujuliwa. Kwanza nagonganisha vipande viwili. Ukilia kama vigae, umeiva. Ukitoa sauti nzito ya ubao, ndani bado kuna kuni, huo utafuka moshi na kumharibia mtu shisha yake. Naupasua kwa mgongo wa kisu, vipande vya kiasi cha nusu ya ndimu. Vikiwa vidogo zaidi vinakwisha mteja hajakolea. Juu ya foili inayofunika tumbaku hauendi mpaka weusi wote umeondoka, jivu limeuvaa kote na ndani ni wekundu mtupu. Mwenye haraka anauweka ukiwa nusu, halafu anasema mkaa wa miti unachoma koo. Unaupanga ukingoni, si katikati, na kila baada ya dakika chache unaukung'uta jivu na kuugeuza kwa koleo. Ule wa vifuu vya nazi, wa vipande vya mraba kutoka Indonesia, ni mzito kushika lakini ukishika umeshika. Wa miti joto lake linapanda ghafla, kisha linakufa.

Sasa hilo la kichwa. Chumba cha kuwashia mkaa kilikuwa kidogo, kina feni moja ya kutolea moshi, na feni ile ilikaa mbovu wiki nzima. Kila zamu, ikifika saa tatu usiku, nahisi nimefungwa kamba kwenye paji la uso, na kichefuchefu juu. Nikikaa nje nusu saa napata nafuu, nikirudi inaanza upya. Nilidhani ni malaria imenifuata kutoka nyumbani, nikapima mara mbili. Mwenzangu Mnepali ndiye aliyeniambia ni mkaa ule.

Bi Chetezo
Mimi sivuti, lakini vidonge hivyo vya duara ndivyo ninavyofukizia udi. Marehemu mama hakuvikubali, yeye alichukua kaa jekundu jikoni. Huwa nafukiza chumba cha mtoto mchanga, mlango nimeufunga ili harufu ishike nguo. Nimesoma hapa nimeinuka kwenda kufungua dirisha.

Wa Eastleigh
Kenya ilipopiga marufuku shisha Desemba 2017, sisi tulihamia chumbani kwa jamaa, madirisha yamefungwa ili jirani asinuse. Niliacha siku niliyoamka sikumbuki nililalaje.

Muuguzi wa Zamu
Mpemba, hiyo 98 naomba niieleze maana inawadanganya wengi. Kidude kile kinasoma rangi ya damu kwa mwanga. Gesi ya kaboni monoksaidi, ile inayotoka kwenye mkaa unaowaka, ikishika himoglobini, kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, damu inabaki nyekundu vilevile, nacho kinahesabu kwamba oksijeni ipo. Na gesi hiyo inaing'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kuijua lazima damu ipimwe kwa kipimo chake. Mtu akibaki kwenye hewa ya kawaida, gesi hupungua nusu baada ya saa nne au tano hivi. Kwa oksijeni tupu ya barakoa, saa moja na kitu. Ndiyo maana daktari wenu hakungoja majibu.

Haina harufu, na maji ya kwenye chupa ya shisha hayaizuii. Mkaa wa samri, wa nazi, wa vidonge, wote unaitoa, kwa sababu mkaa ni kaboni na hapo unaungua kwa hewa pungufu. Hakuna kiwanda kilichoitia humo. (Tumbaku yenyewe ina habari yake, ndefu.)

Nilishampokea binti wa miaka 19 aliyezimia kwenye sherehe ya kuzaliwa, shisha tano chumba kimoja. Wenzake walimtoa nje akaanza kufumbua macho. Wakamrudisha ndani kwa sababu alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Mpemba wa Seeb
Dada yangu, Mola akulipe. Mtia Moto, hiyo kamba ya kichwani ndiyo hasa aliyoisema binamu. Nina swali. Sasa tunakaa barazani, ila tumeshusha turubai pande tatu kwa ajili ya upepo. Hiyo si nje?

Muuguzi wa Zamu
Pande tatu? Hapana kaka, hicho ni chumba. Yapandishe.

Mpemba wa Seeb
Nimeshapandisha mawili. La tatu limefungwa kwa waya, nalikata sasa hivi kabla wageni hawajafika.